Fedha za Barabara: Zatoka Wapi, na Kwa Nini Hazitoshi

Kila mwaka masika yakisha kupita, maneno ni yale yale vijijini. Mwenye lori asema hatarudi tena kuchukua mahindi, kwa kuwa alikwama matopeni siku mbili. Zahanati haina dawa, maana gari la dawa limeishia ng'ambo ya mto. Mama mjamzito abebwa kwa machela mpaka penye njia kuu. Kisha watu huketi barazani wakaulizana, "Je, Serikali haituoni? Kodi tunayotoa yaenda wapi?"

Swali hili ni la haki, wala si vema kumkaripia aulizaye. Lakini swali la haki lataka jibu lenye hesabu. Kwa hiyo katika habari hii twapenda kuwaeleza viongozi wa vijiji na kata, waalimu, na kila asomaye, jinsi fedha za barabara zinavyopatikana katika Tanzania, jinsi zinavyogawanywa, kwa nini hutumika kwanza kutunza barabara zilizopo kabla ya kufungua mpya, na neno gani kijiji chenyewe chaweza kufanya. Twamwomba msomaji asome polepole, kisha awasomee na wale wasiojua kusoma.

ZAMANI ILIKUWAJE

Wazee wetu walizijua barabara kwa jembe. Wakati wa utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, watu waliitwa kwenda kulima barabara. Na mtu aliyekosa fedha za kodi aliweza kutiwa katika kazi hiyo badala ya kulipa. Barabara ililimwa, mvua ikaiharibu, ikalimwa tena. Gharama yake ilikuwa jasho la watu, wala jasho hilo halikuandikwa katika daftari lo lote la hesabu. Hata leo wako wazee wasikiao neno "barabara" wakakumbuka masimulizi ya baba zao juu ya kazi ya kulazimishwa, na hapana wa kuwalaumu.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mambo yaligeuka. Njia kubwa zilianza kutiwa lami. Miongoni mwao ni ile iendayo Zambia, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Magari yakazidi wingi na uzito. Lakini ndani ya furaha ile shida moja ilijificha. Fedha za kujenga zilipatikana, kwa mikopo na kwa misaada, bali fedha za kutunza kilichojengwa hazikutengwa. Zilitoka katika Hazina pamoja na mishahara ya waalimu, na dawa za hospitali, na mambo mengine yote ya nchi. Na kila fedha zilipopunguka, barabara ndiyo iliyonyimwa kwanza, maana barabara hailii. Mwalimu asipolipwa mwezi huu, atasema mwezi huu huu. Barabara isipotunzwa mwaka huu hunyamaza, ikaja kusema baada ya miaka mitano, na hapo maneno yake ni ya gharama kubwa.

Basi ilipofika miaka ya 1980 barabara nyingi zilikuwa zimeharibika, si katika Tanzania tu, bali katika nchi nyingi za Afrika. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 1994, ilionyesha ya kuwa kama dola bilioni 12 zingalitumika kwa wakati kutunza barabara za Afrika katika miaka kumi iliyotangulia, zingaliokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Yaani aliyekataa kutoa shilingi 1 alikuja kudaiwa karibu shilingi 4. Wazee walikwisha kusema hayo pasipo hesabu: usipoziba ufa utajenga ukuta.

MFUKO WA BARABARA

Dawa iliyoonekana kufaa ilikuwa kutenga fedha za barabara mbali na fedha nyingine, kama mwenye nyumba atengavyo mbegu asizile, hata nyumbani mkiwa na njaa. Mwaka 1998 sheria ya ushuru wa barabara na mafuta ilirekebishwa, ukaanzishwa Mfuko wa Barabara wenye Bodi yake ya kuusimamia.

Fedha huingiaje katika Mfuko huo? Sehemu iliyo kubwa hutoka katika ushuru unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Sehemu nyingine, iliyo ndogo, hutoka katika malipo ya magari ya nchi za nje yapitayo katika nchi yetu, na malipo ya magari yaliyozidisha mizigo. Maana ya mpango huu ni rahisi kufahamu: atumiaye barabara sana anunua mafuta mengi, na anunuaye mafuta mengi alipa zaidi.

Ushuru huo umepanda mara kwa mara. Mwaka 2013 ulitolewa katika shilingi 200 kwa lita ukafikishwa shilingi 263. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita, na nyongeza hiyo ilikusudiwa barabara za vijijini na za mijini ambazo tutazitaja hapa chini.

Labda mtu atasema, "Mimi sina motokaa wala pikipiki, ushuru huu haunihusu." Twamjibu kwamba unamhusu sana. Tuchukue mfano wa kijana mwenye bodaboda anunuaye lita 2 za petroli kila siku. Katika ile nyongeza ya shilingi 100 peke yake, yeye hutoa shilingi 200 kwa siku. Na akifanya kazi siku 300 katika mwaka, ametoa shilingi 60,000. Lakini hakuzitoa mfukoni mwake mwenyewe, maana alikwisha kuzitia katika nauli. Bibi aliyempeleka mjukuu wake zahanati ndiye aliyezitoa, na mwenye duka aliyeletewa sabuni, na mkulima aliyepeleka nyanya sokoni. Kwa hiyo kila mtu alipia barabara, hata aendaye kwa miguu akanunua chumvi dukani. Ndiyo sababu tumesema kuuliza habari za fedha hizi ni haki ya kila mtu.

Lipo neno jingine katika sheria hiyo ambalo watu wengi hawalijui, na kutolijua huleta manung'uniko. Fedha za Mfuko si za kujengea barabara mpya. Sheria yaagiza kwamba katika kila shilingi 100, zisizopungua 90 zitumike katika matengenezo na katika dharura. Zisizozidi 10 ndizo ziwezazo kutumika katika kazi za kuendeleza barabara. Barabara mpya ya lami hulipwa kwa fedha nyingine za Serikali, au kwa mikopo. Basi kijiji kiombacho lami na kijiji kiombacho kuzibuliwa mtaro haviombi fedha za mfuko mmoja.

NANI MWENYE BARABARA IPI

Barabara za nchi yetu zina wenyewe wawili, na mtu akibisha mlango usio wake hujibiwa kwamba shauri lake si la hapo.

Wa kwanza ni Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, ulioanza kazi mwaka 2000. Huu hutunza barabara kuu ziunganishazo mikoa na nchi jirani, pamoja na barabara za mikoa. Urefu wake wote ni karibu kilometa 37,000. Wa pili ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri za wilaya na miji. TARURA hutunza barabara za wilaya, na zile ziingiazo vijijini na mitaani, na urefu wake wapita kilometa 144,000.

Msomaji alinganishe hesabu hizo mbili. Barabara za vijijini na mijini zakaribia kuwa mara nne ya barabara kuu na za mikoa. Lakini kwa miaka mingi fedha za Mfuko ziligawanywa hivi: sehemu 70 katika 100 kwa barabara kuu na za mikoa, na sehemu 30 kwa barabara za wilaya. Sababu yake ilikuwako. Barabara kuu hupitisha magari mengi na mazito, na ikikatika mahali pamoja, mikoa kadha yakosa mafuta na chakula. Hata hivyo mgawo ule uliziacha barabara za vijiji na njaa, na ile nyongeza ya mwaka 2021 ilikuja kupunguza njaa hiyo. Imepungua, lakini haijakwisha. Urefu ni mkubwa kuliko fedha, na mtu akiwaambia wanakijiji ya kwamba barabara zote zaweza kutengenezwa mwaka mmoja, huyo hasemi kweli.

ADUI WAWILI

Barabara ina adui wawili: maji na uzito.

Maji ndiyo adui wa kwanza kwa barabara ya udongo na ya changarawe. Barabara iliyotengenezwa vizuri ina mgongo katikati, mfano wa mashua iliyopinduliwa, ili maji ya mvua yakimbie pande zote mbili yaingie mitaroni. Mitaro huyachukua mpaka kwenye kalavati au kwenye mchirizi wa kuyatoa shambani au bondeni. Mgongo ukilika, maji husimama katikati. Gurudumu likipita juu ya maji yaliyosimama, huchimba shimo. Na shimo la leo ni dimbwi la kesho. Hali kadhalika changarawe hupungua kila mwaka, kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa mvua wakati wa masika, hata siku moja udongo mtupu ukaonekana.

Mahali pamoja tulipopita tuliona kalavati limezibwa na matawi na magunia mabovu. Kazi ya kulizibua ilikuwa ya watu wanne kwa asubuhi moja. Haikufanywa. Mvua zilipokuja, maji yalikosa njia ya chini yakapita juu, yakaichukua barabara nzima upana wa hatua kumi. Tuliporudi tulikuta wanafunzi wavuka wakishikana mikono, na malori yamepanga mstari. Kazi ya asubuhi moja iligeuka kuwa kazi ya mkandarasi, na mtambo, na saruji, na miezi ya kungoja.

Adui wa pili ni uzito, na huyu hudhuru hasa barabara za lami. Wahandisi wa Marekani waliupima udhia wake katika jimbo la Illinois tangu mwaka 1958 hata 1960, wakapitisha malori yenye mizigo mbalimbali juu ya barabara za majaribio. Waliona kwamba uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, madhara hayazidi mara mbili tu, bali karibu mara kumi na sita. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayofuatwa katika Tanzania tangu mwaka 2019, yaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne, na tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Tajiri akipakia tani 13 mahali pa tani 10, huona amepata faida ya tani 3. Kumbe kwa hesabu ile ya wahandisi, lori lake laidhuru barabara karibu mara tatu kuliko lori la haki. Faida ni yake, bali hasara ni ya bibi yule aliyelipa ushuru katika nauli. Ndiyo maana ya mizani zilizowekwa njiani, na ndiyo sababu mtu ahongaye mizanini ni mwizi wa mali ya watu wengi kuliko mwizi wa kuku.

JINSI MPANGO UNAVYOFANYWA

Matengenezo ni ya namna nne, na yafaa msomaji ayajue majina yake ili afahamu matangazo ayaonapo ubaoni. Ya kawaida ni kufyeka majani, kuzibua mitaro na makalavati, kuziba mashimo na kupitisha greda. Hufanywa kila mwaka. Ya muda maalumu ni kumwaga changarawe mpya, au kutandaza tena lami, baada ya miaka kadha. Ya sehemu korofi ni kutengeneza pale tu penye utelezi, au mlima, au kijito, ili gari lipite barabara nzima ijapokuwa sehemu nyingine hazikuguswa. Ya nne ni matengenezo ya madaraja.

Mhandisi hupita kuangalia hali ya barabara zake, akaziandika: hizi ni nzuri, hizi za wastani, hizi mbaya. Hapo ndipo hutokea jambo liwakasirishalo watu wengi. Huonekana greda yapita katika barabara ambayo bado ni nzuri, na ile mbaya yaachwa. Watu husema ni upendeleo. Huenda mara nyingine ni upendeleo kweli, na hilo lapasa kuulizwa. Lakini aghalabu ni hesabu. Barabara nzuri huendelea kuwa nzuri kwa fedha kidogo. Ikiachwa mpaka iharibike, itataka fedha nyingi kama ile nyingine. Ukiwa na nyumba mbili za makuti, moja yavuja kidogo na ya pili imeanguka, nawe una makuti ya kuziba tu, utafanyaje? Ukiyapeleka yote kwenye ile iliyoanguka hayatatosha, na masika yakija utakuwa huna nyumba hata moja.

Hata hivyo hesabu hiyo yaweza kumdhulumu mtu akaaye mbali. Barabara yenye magari machache, kwa kuwa ni mbovu, huandikwa kwamba haina magari. Na kwa kuwa haina magari, hunyimwa fedha. Na kwa kunyimwa fedha huzidi kuwa mbovu. Njia ya kutoka katika duara hilo ni watu wa mahali pale kuonyesha kwa maandishi kile kinachofungiwa na barabara hiyo: zahanati, shule, magunia ya kahawa au ya mpunga. Hapo ndipo matengenezo ya sehemu korofi hufaa sana, maana mara nyingi gari hukwamishwa na kijito kimoja tu, wala si na kilometa zote ishirini.

Kalenda nayo ina nguvu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Bajeti husomwa na kujadiliwa Bungeni kabla ya tarehe hiyo, na mipango ya wilaya huandikwa miezi mingi mbele yake. Kwa hiyo kijiji kiandikacho barua mwezi wa Agosti kuomba kazi ya mwaka ule ule kimechelewa, isipokuwa jambo lenyewe ni dharura. Shauri lianze katika mkutano wa kijiji, lipite kwa diwani na kata, lifike halmashauri na kwa mhandisi wakati mpango bado waandikwa. Juu yake iko Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Huko mambo ya barabara za mkoa mzima huzungumzwa.

Dharura ni jambo jingine. Mwezi wa Mei mwaka 2024, wakati wa kimbunga kilichoitwa Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, Wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama siku kadha. Kazi ya namna hiyo haingoji Julai. Lakini fedha zake hutoka mahali fulani, na kila mwaka wenye mvua kubwa hula sehemu ya kazi ambazo zingefanyika kwingine.

KIJIJI KIFANYE NINI

Kwanza, mitaro na makalavati. Hatusemi watu warudishwe katika kazi ya kulazimishwa. Zamani hizo zimepita, na barabara sasa hulipiwa kwa ushuru. Lakini kutotupa takataka mtaroni hakuhitaji mkandarasi. Mkulima asilime mpaka ukingoni, wala asigeuze mfereji wa shamba lake umwagie barabarani. Mchanga usichimbwe karibu na nguzo za daraja. Tena kalavati likionekana limeziba mwezi wa Februari, mwenyekiti apeleke habari mwezi wa Februari, asingoje lichukuliwe na maji mwezi wa Aprili.

Pili, eneo la barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 mpaka meta 30 kila upande, kupimwa toka katikati. Atakaye kujenga karibu na barabara aulize kwanza. Wengi wamezijua alama za X katika kuta: nyekundu ni ya nyumba iliyojengwa ndani ya eneo la zamani, nayo haina fidia, ya kijani ni ya nyumba iliyokutwa na ongezeko lile la sheria mpya, nayo yastahili fidia eneo likihitajiwa. Meta chache hizo zaweza kuwa akiba yote ya maisha ya mtu. Basi kiongozi wa kijiji anayenyamaza huku mtu ajenga mahali pasipo haki amemtendea ubaya, hata kama alinyamaza kwa huruma.

Tatu, kuangalia kazi. Mkandarasi afikapo, kijiji kina haki ya kujua jina lake, urefu wa kazi, na namna ya matengenezo aliyoagizwa. Ikiwa mkataba wasema changarawe ya sentimeta 15, rula ya mwanafunzi yatosha kupimia. Kazi ikipungua, iandikwe kabla mkandarasi hajaondoka.

Nne, barua. Barua isemayo "barabara yetu ni mbaya sana, tusaidieni" itawekwa pamoja na nyingine mia zisemazo hivyo hivyo. Waalimu watusaidie hapa. Barua nzuri yataja jina la barabara, na mahali hasa palipoharibika. Yasema palianza kuharibika lini. Yahesabu ni siku ngapi gari halikupita masika yaliyopita, ni wagonjwa wangapi waliobebwa, na ni magunia mangapi yaliyooza ghalani. Nakala moja iwekwe katika jalada la kijiji, ili mwaka ujao aulizaye aonyeshwe tarehe.

Maana mhandisi naye ana daftari lake, na ndani yake barabara zote zagombea fedha zile zile zisizotosha. Barabara iliyoandikiwa vizuri ina msemaji. Ile ambayo watu wake hunung'unika barazani tu, kisha mvua zikaisha na wao wakasahau, haina msemaji, na masika yajayo machela yatatolewa tena.